Kwilti bila mchoro si kubahatisha

Wengi hudhani kushona kwilti (blanketi la viraka vya vitambaa vilivyoungwa pamoja) bila mchoro ulioandaliwa ni kuunga viraka ovyoovyo huku ukisubiri wazo likushukie. Sivyo. Wanawake wa kijiji cha Gee's Bend, Alabama, Marekani, ambao kwilti zao zilioneshwa katika makumbusho ya Whitney, New York, mwaka 2002, walitumia hata nguo za kazi zilizochakaa. Suruali ya jinzi iliyopauka, ukibandua mfuko, huacha alama ya buluu iliyokoza. Alama hiyo tayari ni wazo: uiweke katikati, au uisukume pembeni?

Bandika vipande ukutani, rudi nyuma, hamisha. Ufundi ndio usiosamehe (na hapa wengi hukata tamaa): ukingo uliokatwa bila rula usiponyooshwa na kupigwa pasi kabla ya kuunga kiraka kingine, kwilti nzima hufanya mawimbi.