Ubingwa Bobezi wa Glaukoma: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Kila hospitali inapotangaza kwamba imempeleka daktari wake wa macho kusomea ubingwa bobezi wa glaukoma, maswali yaleyale hurudi. Kwani mabingwa wa macho tulio nao hawajui kupima presha ya macho? Kwa nini mtu asomee ugonjwa mmoja kwa mwaka mzima au miwili, ilhali zipo wilaya zisizo na daktari wa macho hata mmoja? Ni maswali ya haki, na anayeyauliza mara nyingi ana ndugu aliyepofuka kwa ugonjwa huu, lakini mengi yake yamesimama juu ya dhana zisizo sahihi kuhusu glaukoma yenyewe, na dhana hizo zisiporekebishwa, thamani ya mafunzo hayo haiwezi kueleweka.

"Glaukoma ni presha ya macho, na presha hupimwa na yeyote mwenye kifaa."

Jina la presha ya macho limesaidia watu wengi kuukumbuka ugonjwa huu, na pia limewapotosha. Glaukoma ni kufa polepole kwa mshipa wa fahamu wa jicho, wenye nyuzi zipatazo milioni moja zinazopeleka picha kwenye ubongo. Presha ya ndani ya jicho ndiyo kihatarishi kikubwa tunachoweza kukipunguza, lakini haitoshi kutambulisha ugonjwa. Kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, na bado wapo watu wenye 26 ambao mishipa yao hubaki salama miaka mingi, kama walivyopo wenye 16 ambao huendelea kupoteza uoni. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwafuatilia watu wenye presha ya juu ambao mishipa yao ilikuwa bado haijadhurika: kwa muda wa miaka 5, wale ambao hawakupewa dawa walipata glaukoma kwa asilimia 9.5, na waliopewa matone kwa asilimia 4.4. Maana yake ni kwamba dawa inakinga, na pia kwamba wengi wa wasiotibiwa hawakuugua katika muda huo. Kumtambua yupi aanze dawa leo na yupi aangaliwe tu kila baada ya miezi kadhaa ndiyo kazi ngumu.

Kazi hiyo haifanywi na namba moja. Konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, ikiwa nene hufanya kipimo cha presha kisomeke juu kuliko ilivyo, na konea nyembamba hukishusha, hivyo anayepima bila kujua unene wake anaweza kumtia hofu mtu mwenye afya na kumruhusu mgonjwa aende nyumbani. Daktari anayesomea ubobezi hutumia miezi mingi akitazama kichwa cha mshipa wa fahamu, jicho baada ya jicho, mbele ya mwalimu anayempinga, akilinganisha anachokiona na ramani ya uoni wa pembeni na picha za tabaka la nyuzi za neva, hadi ajifunze kutofautisha mshipa ulioumbika mpana tangu kuzaliwa na mshipa unaokufa. Jicho la daktari huzoeshwa hivyo kwa kuona wagonjwa wengi sana, na katika mafunzo ya jumla, ambako kuna mtoto wa jicho, trakoma, ajali, retina na watoto, muda huo haupatikani.

"Glaukoma ya Waafrika ni ya aina moja, hivyo tiba yake ni moja."

Kwa muda mrefu ilichukuliwa kwamba huku kwetu pembe ya jicho, yaani kona kati ya konea na kiwambo cheusi kinachoizunguka mboni, ambako maji ya jicho hupita kwenda nje, huwa wazi karibu kwa kila mgonjwa. Uchunguzi uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, ukachapishwa mwaka 2000, ulikuta glaukoma kwa asilimia 4.16 ya watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Walio wengi walikuwa na pembe iliyo wazi, asilimia 3.1, lakini asilimia 0.59 walikuwa na pembe iliyofunga. Namba hiyo ya mwisho inaonekana ndogo mpaka uiweke kwenye wilaya nzima. Mgonjwa wa aina hiyo anaweza kuhitaji tundu dogo la leza kwenye kiwambo, au kuondolewa lenzi ya jicho, wala matone peke yake hayamtoshi. Pembe haionekani kwa kumtazama mgonjwa usoni. Huonekana kwa gonioskopi, kipimo cha lenzi yenye vioo inayowekwa juu ya jicho lililotiwa ganzi. Kipimo hiki hufundishwa kwa kila bingwa wa macho, kisha kliniki zikijaa huwa cha kwanza kuachwa. Kwa maoni yangu, kama ubobezi ungemrudishia daktari tabia ya kufanya gonioskopi kwa kila mgonjwa mpya na kisha asiongeze lolote jingine, bado gharama yake ingekuwa imerudi.

"Bobezi ni fundi wa upasuaji tu."

Dhana hii inakaribia ukweli, na ndiyo maana ni ngumu kuiondoa. Upasuaji mkuu wa glaukoma, trabekulektomi, ulielezwa na John Cairns wa Uingereza mwaka 1968 na hadi leo haujaachwa. Daktari hukata kifuniko chembamba kwenye ukuta mweupe wa jicho, hutoboa tundu chini yake, kisha hukishona kifuniko kwa mkazo wa kadiri ili maji yachuje taratibu na kujikusanya chini ya utando wa nje kama lengelenge. Mkono lazima ufunzwe, na siku hizi haufunzwi kwa mgonjwa wa kwanza. Wanafunzi hukata vifuniko kwenye ganda la tofaa na kwenye macho ya bandia. Jaribio moja liliwahusisha wanafunzi wa ubingwa wa macho kutoka vyuo vya kusini mwa Sahara ambao hawakuwa wamewahi kuufanya upasuaji huu; waliopewa wiki moja ya mazoezi makali ya namna hiyo walibaki juu ya wenzao kwa ustadi hata baada ya mwaka mmoja.

Lakini waulize waliobobea wapi trabekulektomi hushindwa, nao watataja wiki zinazofuata chumba cha upasuaji. Mwili huliona tundu lile kama jeraha na kuanza kuliziba, na kwa watu wenye asili ya Afrika kovu huelekea kuwa zito zaidi, ndiyo sababu ya kutumia dawa ya kuzuia kovu kama mitomaisini wakati wa upasuaji. Uzi ukikaza sana, presha hupanda tena. Ukilegea sana, jicho husinyaa na uoni hushuka. Inabidi daktari ajue siku ya kukata uzi kwa leza, siku ya kuchoma kovu kwa sindano, na siku ya kuacha bila kugusa. Maamuzi haya hayafundishiki kwa kozi ya wiki, kwa sababu lazima mwanafunzi awepo mgonjwa yuleyule anaporudi wiki ya kwanza, ya tatu na ya sita.

"Leza ni anasa ya nchi tajiri, huku matone yanatosha."

Jibu zuri la dhana hii limetoka Moshi. Katika hospitali ya KCMC, wagonjwa 201 wenye glaukoma na presha ya juu waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa matone ya timololi mara mbili kwa siku na wengine wakatibiwa kwa leza teule inayoamsha tishu za pembe zipitishe maji. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, na matone kwa asilimia 31. Hakuna wa kushangaa sana akiyafikiria maisha ya mgonjwa: chupa huisha, nauli ya kwenda mjini haipo, na jicho haliumi hata akumbuke. Sharti ni kuwepo kwa daktari anayeijua pembe ya jicho, kwa maana leza hiyo hupigwa palepale gonioskopi inapoonyesha.

Ipo pia imani kwamba bobezi atamrudishia mgonjwa uoni uliokwisha kupotea. Hawezi, wala hakuna daktari popote anayeweza kwa sasa. Anachokilinda ni kilichobaki, na kumwambia mgonjwa jambo hilo kwa ukweli na upole ni sehemu ya mafunzo.

"Herufi nyingi baada ya jina zinatosha kuonyesha kwamba amebobea."

Herufi za FRCOphth, yaani uanachama wa juu wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Macho cha Uingereza, kwa mfano, huthibitisha kwamba daktari amefaulu mitihani ya taaluma nzima ya macho. Hazisemi kwamba amebobea katika glaukoma. Kwa Tanzania, njia huanza na shahada ya udaktari ya miaka 5, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na umahiri wa magonjwa ya macho wa miaka 3 au 4. Ubobezi wa glaukoma huja baada ya hapo, kwa kawaida mwaka mmoja au miwili, katika hospitali yenye wagonjwa wengi wa ugonjwa huo, kama Aravind ya Madurai nchini India au Moorfields ya London. Ziara ya miezi mitatu ina faida kubwa kwa aliyekwenda kutafuta ujuzi mmoja, lakini haina budi kuitwa kwa jina lake.

Linabaki swali la wilaya zisizo na daktari. Bobezi mmoja hawezi kuwaona wagonjwa wote wa mkoa, na hospitali inayomwita kwa kila mwenye presha ya 22 inampoteza. Nafasi yake ni kuwafundisha mabingwa, madaktari wasaidizi na wauguzi wa macho nani wamtibu wenyewe na nani wampe rufaa, na kuhakikisha kwamba kaka, dada na watoto wa kila mgonjwa wanaitwa kupimwa, kwa kuwa hatari yao ni kubwa kuliko ya mtu mwingine. Kazi hiyo inahitaji vifaa vyake: kipimo cha presha kinachokaguliwa usahihi wake mara kwa mara, lenzi za gonioskopi, mashine ya uoni wa pembeni, leza, na siku maalumu ya kliniki ambayo haimezwi na orodha ya mtoto wa jicho. Orodha hiyo iandikwe na bajeti yake ipitishwe siku ileile barua ya ruhusa ya masomo inaposainiwa, ili anaporudi akute leza imekwisha fungwa.