Ruzuku ya simu: maana yake, na ugomvi uliomo ndani yake

Ruzuku ya simu ni ile sehemu ya bei ambayo kampuni ya mtandao humlipia mteja siku anaponunua simu, kisha ikaidai kidogo kidogo ndani ya bili ya kila mwezi. Jina lisimdanganye msomaji, kwa kuwa hii si ruzuku kama ya mbolea kwa mkulima. Ni mkopo usiotajwa kuwa mkopo.

Marekani ndiko utaratibu huu ulikozoeleka sana. iPhone ya kwanza, iliyoingia sokoni Juni 2007 kupitia kampuni ya mtandao ya AT&T pekee, iliuzwa kwa dola 499 na 599. Mwaka uliofuata iPhone 3G ikatangazwa kwa dola 199. Gharama ya kuitengeneza haikuporomoka kiasi hicho; AT&T iliilipa Apple tofauti, huku ikijua kwamba mteja aliyetia saini mkataba wa miaka 2 ataifidia, na kwamba akijitoa mapema atatozwa faini. Lililokuwa baya zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba aliyemaliza miaka 2 na kubaki na simu yake ya zamani aliendelea kutozwa bili ileile, yaani alilipia deni ambalo alikwisha kulimaliza.

Hapo ndipo penye ugomvi. Anayekopesha simu ndiye anayemshika mteja, na ndiye anayeamua lini anaruhusiwa kuchukua nyingine, ilhali mtengenezaji anatoa toleo jipya kila mwaka na angependa linunuliwe kila mwaka. Google ilijaribu kumpita dalali, yaani kampuni ya mtandao, Januari 2010, ilipouza simu yake ya Nexus One kwenye intaneti kwa dola 529 bila mkataba, lakini duka hilo lilifungwa mwaka huohuo. Mwaka 2013 T-Mobile, kampuni nyingine ya mtandao ya Marekani, iliachana na mikataba ya miaka 2 na kutenganisha bei ya simu na bei ya huduma, na washindani wake wakafuata. Bei halisi ilipokwisha kuonekana, Apple nayo, Septemba 2015, ilianzisha mpango wake: iPhone 6s kuanzia dola 32.41 kwa mwezi, kwa miezi 24, ikiwa haijafungwa kwenye mtandao wowote, na baada ya malipo 12 mteja angeweza kuirudisha na kupewa mpya. Kampuni kubwa za mtandao zimejibu kwa punguzo linalogawanywa katika bili za miezi 24 au 36, na anayehama kabla ya muda huo hulikosa lililobaki.

Mkopo huu una kufuli lake. Simu ambayo haijamalizwa kulipiwa kwa kawaida hufungwa isipokee laini ya kampuni nyingine, ndiyo maana simu iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani huweza kufika Dar es Salaam au Mombasa ikiwa mpya kabisa, ikawaka vizuri, kisha ikakataa laini mbele ya fundi. Tangu Agosti 2014 sheria ya Marekani inamruhusu mwenye simu kuifungua, lakini njia ya uhakika ni ndugu huyo kumaliza deni na kuiomba kampuni yake iifungue kabla hajaituma. Kwenye iPhone, ndani ya mipangilio, ukurasa unaoeleza habari za simu una mstari unaoonyesha kama kufuli hilo bado lipo. Anayetumiwa simu amwombe ndugu yake aupige picha ukurasa huo, na picha hiyo aitume kwanza.