Kibarua naye ni mfanyakazi

Kila msimu wa wageni unapoisha, foleni ofisini kwetu hapa Arusha hurefuka. Wapagazi, wapishi wa safari, wahudumu wa hoteli, vijana wa mashamba ya maua. Wengi huanza hivi: "Afisa, mimi sina mkataba, nilikuwa kibarua tu." Tumelisema hili redioni na kwenye mikutano ya mitaa, na bado watu wanalirudia. Kauli hiyo inawapotezea haki.

Kibarua si jambo la watu wachache. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba asilimia 85.8 ya ajira barani Afrika si rasmi. Kusini mwa Sahara, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya watu sita katika kila kumi wenye kazi walikuwa kwenye kilimo. Sasa ni karibu nusu. Waliotoka shambani hawakupokewa na viwanda kama ilivyotokea Asia ya Mashariki. Wengi waliingia kwenye biashara ndogo, ujenzi, usafirishaji na utalii. Sisi tumeyaona kwa macho: kiwanda cha matairi cha General Tyre kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na mtoto wa mkulima wa kahawa wa Machame leo anasubiri kwenye mizani ya lango la mlima, mzigo wa kilo 20 begani, bila kujua safari ijayo ataitwa au la.

Sheria inamtambua huyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo amemfanyia mtu mwingine kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Safari moja kila mwezi ya siku sita, saa nane kwa siku, ni saa 48. Vipo vigezo vingine, na kimoja tu kinatosha. Na mkataba wa maandishi usipoletwa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia mwajiri, si wewe. Kila shauri, hata hivyo, huamuliwa kwa ushahidi wake.

Sasa utaratibu, na naomba usomwe taratibu. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi. Madai mengine, siku 60. Jaza Fomu Na. 1, mpelekee mwajiri nakala, pata uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo uisajili Tume ukiambatisha uthibitisho huo. Ukichelewa, unajaza Fomu Na. 2 na kiapo chenye sababu za kuchelewa. "Bosi aliniambia nisubiri" ni sababu tunayoisikia kila wiki, na ni dhaifu. Usisubiri.

Kijana mmoja alikuja siku ya 47 tangu aachishwe kazi. Hakuwa na karatasi ya kampuni hata moja, ila alikuwa na daftari la shule: tarehe ya kila safari, njia, jina la kiongozi, siku alizotembea, alicholipwa. Nililisoma ukurasa kwa ukurasa. Lile ni ushahidi, na laiti wapagazi wote wangekuwa nalo. Tulianza na Fomu Na. 2.

Siku ya usuluhishi fika mwenyewe na mapema. Mlalamikaji asipotokea, shauri linaweza kufutwa. Mwajiri asipotokea, linaweza kuamuliwa bila yeye.