Kwa nini Arch Linux husumbua zaidi ikiachwa miezi bila kusasishwa?

Wengi wanaoiogopa Arch Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, huogopa siku ya kuisakinisha. Hofu hiyo imepitwa na wakati, kwa sababu tangu Aprili 2021 diski yake ya usakinishaji huja na archinstall, programu inayouliza maswali machache kisha ikamaliza kazi yenyewe. Anayetaka kuitumia kila siku apime miezi inayofuata. Huko ndiko kuna jambo la kushangaza: kompyuta ya Arch inayosasishwa kila wiki kwa kawaida hutulia, ilhali iliyokaa kabatini miezi minane ndiyo inayogoma ikiwashwa.

Chanzo ni namna distro hii (mkusanyiko wa Linux na programu zake) inavyotolewa tangu Judd Vinet aianzishe mwaka 2002. Debian, distro nyingine, hutoa toleo jipya takriban kila miaka miwili (la 12 lilitoka Juni 2023, la 13 Agosti 2025), na katikati programu hubaki zilivyo, zikizibwa matundu ya usalama na hitilafu kubwa tu. Arch haina matoleo ya aina hiyo. Kila programu huachiwa mara inapokuwa tayari, na kifurushi kipya (programu iliyofungwa tayari kusakinishwa) kikiingia kwenye hazina rasmi ya kupakulia, cha zamani huondolewa.

Sasa mchukue mtu aliyerudi baada ya miezi hiyo minane, anataka kihariri kimoja tu cha picha. Orodha ya vifurushi iliyomo kwenye kompyuta yake ni ya zamani, hivyo pacman, programu ya Arch ya kusakinisha na kusasisha vifurushi, inaomba faili ambalo seva hazina tena na kujibiwa 404, yaani halipo. Anatafuta njia ya mkato: anaandika `pacman -Sy` na jina la programu. Orodha inakuwa mpya, kihariri kinaingia, lakini mfumo mwingine wote umebaki wa zamani.

Hapo ndipo pabaya. Programu za Linux hutumia maktaba (mafaili ya msimbo unaohitajiwa na programu nyingi) kwa pamoja, na kila programu huandaliwa kwa ajili ya namba fulani ya maktaba. Ikiwa kihariri kipya kinadai maktaba namba 4 na kwenye diski kuna namba 3, hakifunguki. Afadhali hilo kuliko kinyume chake: kihariri kikija na maktaba mpya, ile ya zamani inafutwa, na kila programu iliyoitegemea inaanguka siku hiyohiyo. Pacman yenyewe, chombo cha kufanyia matengenezo, inaweza kuwa miongoni mwao. Ndiyo maana waandaaji wa Arch wanasema waziwazi kwamba hawaungi mkono usasishaji wa nusunusu. Amri ni `pacman -Syu`, mfumo mzima kwa pamoja.

Akiamua kufanya hivyo, huenda akakwama kwenye sahihi. Vifurushi hutiwa sahihi ya kidijitali, na funguo za kuzihakiki zimo ndani ya kifurushi kiitwacho archlinux-keyring. Katika miezi minane kuna funguo zilizoisha muda na waandaaji wapya waliojiunga, basi pacman haiwatambui na inakataa kazi zao. Nasisitiza kwamba huo ni ulinzi unaofanya kazi yake, na kuuzima kwa sababu ya haraka ni hatari kubwa. Sasisha archlinux-keyring kwanza, kisha mfumo mzima papo hapo.

Kuna pia matangazo. Mara kadhaa kwa mwaka badiliko fulani huhitaji mkono wa mtumiaji, na maelezo huwekwa kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti ya Arch. Anayesasisha kila wiki husoma tangazo moja na kulitekeleza. Aliyechelewa ana kadhaa za kupitia kwa mfuatano, na tatizo likitokea hajui ni badiliko lipi kati ya mamia limelileta.

Na huyo wa kila wiki, je, analipa nini? Muda wenyewe ni mdogo. Anachotoa ni umakini. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikisasishwa, moduli (vipande vya kuendeshea vifaa) za ile inayoendelea kufanya kazi huondolewa kwenye diski, hivyo kifaa kipya cha USB kinaweza kutotambuliwa hadi kompyuta iwashwe upya. Asiyejua hili huanza kulaumu kifaa. Faili la mipangilio alilolihariri halifutwi: toleo jipya huwekwa kando likiwa na mwisho wa `.pacnew`, naye ndiye wa kuyalinganisha.

Mzigo mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, unatoka AUR, ambako watumiaji huweka maelekezo ya kuandaa vifurushi visivyo rasmi. Pacman haivisasishi. Lugha ya programu ya Python ikipanda kutoka 3.12 hadi 3.13, vifurushi vya AUR vinavyoitegemea lazima viandaliwe upya, kwa kuwa vimo kwenye folda ya toleo lililopita. Usalama nao uko mikononi mwako: Julai 2025 vifurushi vya AUR vilivyojifanya vivinjari vilivyorekebishwa vilikutwa na programu hasidi. Mwenye vifurushi vitano vya AUR anaweza kusoma maelekezo ya kila kimoja kabla ya kukiandaa. Mwenye sitini hatayasoma.

Kwa hiyo ninayemshauri atumie Arch ni mtu anayefungua kompyuta hiyohiyo karibu kila siku, anayeweza kuchagua saa ya kusasisha isiyokaribia kazi ya haraka. Aweke pia kerneli ya linux-lts, ile inayodumishwa kwa muda mrefu, kando ya ile ya kawaida, ili moja ikikataa kuwaka awashe kwa nyingine, na asifute akiba yote iliyo `/var/cache/pacman/pkg`, kwani humo ndimo atakamopata kifurushi cha jana akihitaji kurudi nyuma. Kompyuta ya akiba, ya safari, au ya ndugu asiyetaka kusoma matangazo, iwekewe Debian.