Vitunguu na saumu vikiota ukungu: ng'oa mche mmoja kabla ya kununua dawa

Mvua za Machi hadi Mei, kisha baridi na mawingu ya Julai, ndiyo majira ya ukungu kwa wanaolima vitunguu nyumbani hapa Nairobi. Majani yakianza kuwa manjano, wengi hukimbilia agroveti. Ng'oa kwanza mche mmoja utazame mizizi.

Ukitoka kwa urahisi, mizizi imeoza, na kitako kimevikwa ukungu kama pamba wenye chembe nyeusi ndogo kuliko mbegu za mchicha, huo ni uozo mweupe. Usipoteze pesa kwa dawa. Chembe hizo huweza kukaa udongoni miaka 20 na zaidi, na huamka zikipata harufu ya mizizi ya jamii ya vitunguu. Ng'oa mche na udongo unaouzunguka, funga kwenye mfuko, utupe na taka, kamwe si kwenye mboji. Osha jembe na viatu. Aliyepanda kwenye gunia ana nafuu, maana hubadilisha udongo wote pamoja na gunia lenyewe. Mwenye tuta ahamie sukuma wiki au maharagwe, na vitunguu avipande kwingine.

Mara nyingi ugonjwa huu huingia na punje za saumu zilizonunuliwa sokoni kwa ajili ya kula. Chagua zilizo ngumu, zenye kitako kikavu kisicho na weusi.

Mizizi ikiwa myeupe na imara, rudi kwenye majani. Doa lililobonyea, zambarau katikati na manjano pembeni, ni baka zambarau. Unga wa rangi ya chungwa unaobaki kidoleni ni kutu, hasa kwenye saumu. Manyoya ya kijivu yanayoonekana asubuhi yenye umande ni ubwiri unyoya. Yote matatu hustawi jani likikaa na unyevu kwa saa nyingi, kwa hiyo mwagilia asubuhi, shinani, na uache sentimita 10 kati ya mche na mche, 30 kati ya mistari. Majivu hayatibu, yakilowa hugandana tu.

Ukilazimika kupuliza, tumia dawa ya kopa (yenye shaba) iliyoruhusiwa kwa vitunguu, kwa kipimo cha lebo, na uhesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna. Jani la kitunguu lina nta, dawa huteleza. Uliza dawa ya kunatisha, ya kuchanganya nayo ili ishike jani.

Acha kumwagilia wiki mbili kabla ya kuvuna. Anika kivulini penye hewa, na usikate shingo mpaka ikauke kabisa: ikikatwa mbichi, ukungu huingilia hapo na kitunguu huoza kikiwa kwenye kapu.