Nani aliweka lebo ya tusi? Spill kwa jicho la mtu wa kuchuja maudhui

Kazi yangu ni kuifundisha kompyuta kutambua matusi. Najua inachekesha, ila ndo inayonilipa, nakaa na jedwali la sentensi maelfu kwa maelfu, kila moja kuna mtu ameshaipitia akaiwekea lebo, hii tusi, hii sio tusi, afu modeli, yaani ile programu ya kompyuta, inajifunza kutoka hapo. Kwahiyo watu wakiniuliza kuhusu hii mitandao ya kijamii inayojengwa na Wamarekani Weusi, eti ni biashara ya rangi tu au kuna utaalamu ndani yake, mimi sina haja na maneno matamu ya tangazo, nauliza lebo kaweka nani.

Chukua Spill, mmoja wa mitandao hiyo. Wameianzisha wawili, Alphonzo Terrell, wengi wanamwita Phonz, na DeVaris Brown, na wote walishafanya kazi Twitter, ambayo siku hizi inaitwa X. Terrell alikua bosi wa mitandao ya kijamii na uhariri pale, akapunguzwa kazi Novemba 2022, siku chache tu baada ya Elon Musk kuinunua kampuni. Sasa mtu aliyekaa kwenye kiti kile ameona mengi. Ameona utani na misemo inazaliwa Black Twitter, yaani ile jamii ya watu Weusi humo Twitter, kesho yake iko kwenye matangazo ya makampuni makubwa na aliyeianzisha hajaambulia kitu. Na ameona nani anatukanwa. Amnesty International mwaka 2018 walitoa utafiti wa tweet zilizowalenga wanawake wanasiasa na waandishi wa habari wa Marekani na Uingereza, wakakuta wanawake Weusi wana uwezekano wa asilimia 84 zaidi kutajwa kwenye tweet za kuudhi kuliko weupe. Tembelea jukwaa hilo ukiwa mwanamke Mweusi mwenye kazi ya kuongea hadharani, alafu ujiulize kwanini watu wanataka jukwaa lao wenyewe.

Lakini hapo ni upande mmoja. Upande ambao hausemwi sana ni kwamba chujio lenyewe, lile linalotakiwa kuwalinda, ndo linawafungia.

Iko hivi. Modeli haisemi "hili ni tusi", inatoa namba kati ya 0 na 1. Kampuni ndo inaamua mstari uwe wapi, tuseme 0.8, kinachozidi hapo kinafichwa au kinapelekwa kwa mtu akiangalie. Ukiushusha mstari unanasa matusi mengi zaidi na unabeba wasio na hatia wengi zaidi, ni kama wavu, ukiwa na matundu madogo unatoka na dagaa na takataka zote. Sasa namba inatoka wapi? Inatoka kwa wale walioweka lebo. Na kama walioweka lebo hawajui Kiingereza cha Wamarekani Weusi, ambacho ni lahaja yake kabisa, wakikutana na marafiki wawili wanataniana wanasoma ugomvi. Yaani fikiria mtu asiyekijua Kiswahili vizuri anapewa komenti ya "mshenzi wewe, umetuua mbavu leo" aiwekee lebo. Ataona mshenzi, ataona umetuua, kwisha habari yako, akaunti imefungiwa.

Na hili limepimwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba modeli za aina hii zinaweza kuziita za kuudhi tweet za Kiingereza cha Wamarekani Weusi hadi mara mbili zaidi ya nyingine. Ila kitu nilichokipenda mimi sio hiyo namba, ni jaribio lao la pili, waliwakumbusha wanaoweka lebo kwamba mwandishi huenda anaongea lahaja hiyo, basi tu, na waliokumbushwa wakapunguza kuziita tweet hizo matusi. Sentensi ni ile ile!

Kuna kosa lingine linaniudhi zaidi. Dada anatukanwa kwa ujumbe, anaupiga picha au anaunakili aweke hadharani watu waone alichoambiwa, modeli inaliona lile tusi ndani ya posti yake, yeye ndo anafungiwa, aliyemtukana anaendelea kula bata. Ongeza na genge la watu mia wakimripoti kwa mpigo, mfumo unaamini wingi.

Spill walisema tangu mapema kwamba modeli yao ya kuchuja wataijenga na watu Weusi na jamii nyingine zinazoshambuliwa mtandaoni, sio kuwaita baadae watoe maoni. Kitaalamu naona wameanzia panapotakiwa. Sio dawa ya kila kitu lakini, maana lugha ya mtandaoni inabadilika kila wiki na lebo zinachacha, neno lililokua tusi mwaka jana leo ni salamu, kwahiyo hiyo kazi haina siku ya kuisha na inataka hela.

Hela sasa. Kwa hesabu za Crunchbase, wanaofuatilia takwimu za uwekezaji, startapu (kampuni changa) za Marekani zenye waanzilishi Weusi zilipata chini ya asilimia 0.5 ya mitaji ya wawekezaji mwaka 2023. Na sio kwamba wazo ni geni au halijawahi kuingiza, BlackPlanet, mtandao wa kijamii wa Wamarekani Weusi, ilifunguliwa 1999 na Omar Wasow na wenzake, MySpace haijazaliwa, Facebook haijazaliwa, watu wakajifunza HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, humo kwa kupamba kurasa zao, na 2008 kampuni iliyokua inaimiliki ikauzwa kwa Radio One, kampuni ya redio, kwa dola milioni 38. Afu bado mwekezaji anauliza kama kuna soko.

Ugumu wa kweli ni watu kuhama na marafiki zao. Julai 2023 Twitter ilipoweka kikomo cha tweet za kusoma kwa siku, watu wakakimbilia Spill kwa wingi, siku chache tu baadae Meta, wenye Facebook na Instagram, wakaleta Threads, mtandao unaofanana na Twitter, ikafika watu milioni 100 ndani ya siku tano kwa kuwachota wa Instagram. Utashindana vipi na hilo.

Mimi mwenyewe nilishajaribu, kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja jina. Niliomba fomu ya kuweka lebo iongezwe swali moja tu, "huyu anaongea na nani?" Lebo zikawa nzuri, nakwambia, ubishi kati ya waweka lebo ulipungua hadi nikashangaa. Ila kila sentensi ikawa inachukua muda mrefu zaidi, na wale watu wanalipwa kwa saa. Mwezi uliofuata swali likatolewa.