Kichwa Kinakumbuka Gofu, Kiwiko Hakikumbuki

"Daktari, mimi gofu nimecheza miaka mingi, mwili unaijua." Maneno haya nayasikia karibu kila wiki, na anayeyasema huwa ameshika kiwiko. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya viungo, lakini hilo niliacha kulisahihisha zamani. Hili la mwili kuijua gofu ndilo siwezi kulinyamazia tena.

Wagonjwa hawa wanafanana sana. Walicheza wakiwa na miaka thelathini na kitu, kisha wakaacha: watoto, uhamisho wa kazi, biashara, au viwanja vilipofungwa 2020 kwa sababu ya korona nao wasirudi. Halafu mashindano ya Kenya Open yanapita Nairobi, mtu anawatazama vijana wakipiga mpira hadi unapotelea angani, damu inamchemka. Jumamosi fimbo zinatolewa stoo. Wiki inayofuata yuko kwangu, hawezi kuinua kikombe cha chai.

Dhana: "Mwili haujasahau. Nikipiga ndoo mbili za mipira pale renji, uwanja wa mazoezi, wikendi hii, nitakuwa nimerudi."

Kuna chembe ya ukweli hapa, na ndiyo inayoponza watu. Ubongo kweli hausahau haraka. Ule mpangilio wa kuinua fimbo, kugeuka na kushuka unabaki kichwani miaka na miaka. Unaposimama mbele ya mpira, kichwa kinatoa amri ileile kiliyokuwa kikiitoa ulipokuwa na miaka 35, kwa kasi ileile. Fimbo inashuka kwa muda wa kama robo sekunde tu. Amri inafika kwenye kano ambazo kwa miaka minane hazijabeba kitu kizito kuliko begi la laputopu.

Kano ndizo zinazounganisha misuli na mfupa, na hazikui kwa mwendo wa misuli. Msuli ukiuanzishia mazoezi, ndani ya wiki tatu au nne unahisi nguvu. Kano ina damu kidogo na kazi yake ya kujijenga ni ya miezi; ni kama faili la hati ya shamba, linasogea, ila kwa mwendo wake, na kulipigia kelele hakusaidii. Kwa hiyo wiki ya nne, mtu anapojisikia simba, ndipo hatari ilipo: misuli ina uwezo wa kuvuta kuliko kano inavyoweza kustahimili.

Isitoshe, kano haina adabu ya kulalamika papo hapo. Unapiga mipira yako, unaoga, unakunywa kitu na marafiki, unalala salama. Kesho yake asubuhi unashika mswaki na mkono unakataa. Ndiyo maana nikiambiwa "lakini sikuhisi chochote nikicheza", hainisaidii.

Sasa tufanye hesabu ya hizo ndoo mbili. Mchezaji anayemaliza mashimo 18 kwa mikwaju 90 hapigi mikwaju 90 ya nguvu. Karibu 36 ni ya pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni; kumi na kitu ni midogo midogo kandokando ya grini, zile nyasi fupi zenye shimo. Ya kuzungusha mwili mzima haizidi sana 40, tena imetawanywa kwa saa nne, na katikati unatembea. Renji, kwa ndoo zako mbili, unapiga mipira 100 kwa saa moja, mmoja kila nusu dakika hivi, na wanaume wengi huanza na dreva, fimbo ndefu ya kupiga mbali, kwa sababu jirani anatazama. Hiyo ni zaidi ya raundi mbili kamili kwa saa moja, kwa mwili uliotoka kukaa ofisini Upper Hill.

Na ule mkeka. Kwenye nyasi, ukigonga chini kabla ya mpira, udongo unakubali, fimbo inachimba, mpira unakwenda hatua chache na unajua umekosea. Kwenye mkeka uliolazwa juu ya saruji, fimbo inadunda, inateleza hadi kwenye mpira, na mpira unaruka vizuri tu. Unafurahi. Mshtuko wote umepanda kwenye kifundo cha mkono na kiwiko, na kosa lenyewe hujaliona. Mara mia.

Kabla sijamgusa mgonjwa mkono, huwa namwomba anionyeshe fimbo zake. Raba ya mpini iliyokaa stoo miaka mingi hukauka: inang'aa, ni ngumu kama plastiki, ukipitisha kidole gumba inateleza. Mkono ukihisi utelezi, unabana. Huamui kubana, unabana tu, kila mkwaju, na misuli inayobana vidole imefungwa pale pale kiwikoni. Kubadilisha raba za mpini ni gharama ndogo kuliko kunilipa mimi, lakini watu wananunua dreva mpya kwanza. Wengine pia wanaamini "kiwiko cha gofu" lazima kiume upande wa ndani. Hapana. Kwa anayecheza kwa mkono wa kulia, mara nyingi maumivu hutokea upande wa nje wa kiwiko cha kushoto.

Ongeza nyasi zetu. Viwanja vingi vya Nairobi vimeota nyasi za Kikuyu, na pembeni, zisipokatwa fupi, zinashika kichwa cha fimbo na kukipindua. Anayekaza mkono hapo kulazimisha aini ya 5, fimbo ya chuma ya mkwaju mrefu, anaumia mkono, na mpira unabaki papo hapo. Kedi, mbeba fimbo wako, akikuambia, "Hii toa na weji tu, mdosi," yaani fimbo ya mkwaju mfupi, msikilize. Kedi ameona viwiko vingi.

Ninachowaambia wote, wakitaka wasitake: rudi kwa kuanzia grini kwenda nyuma. Wiki mbili za kwanza ni pata na mikwaju mifupi, halafu mipira 30 au 40 kwa weji na aini ya 9, nusu ya mzunguko, kwenye nyasi ukizipata. Mara tatu kwa wiki, siku ya kupumzika katikati. Wiki ya tatu na ya nne aini za kati na mashimo tisa. Dreva isubiri wiki ya tano au ya sita, tena mipira kumi, si ndoo. Jioni, laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini na kikining'inia ukingoni, shika chupa ya maji ya nusu lita, inua kwa msaada wa mkono wa pili, kisha iteremshe polepole ukihesabu hadi nne. Mara kumi na tano, raundi tatu. Halafu geuza kiganja kitazame juu, urudie. Maumivu madogo, tuseme tatu kwa kumi, yanayoisha kabla ya asubuhi, yanavumilika. Ukiamka mkono umekakamaa kuliko jana, punguza.

Haivutii, najua. Hakuna anayepiga picha akiinua chupa ya maji.

Dhana: "Nguvu ya mkwaju iko kiunoni, kwa hiyo nikizungushe zaidi."

Pingili tano za kiuno hazikuumbwa kuzunguka. Kila moja inageuka kama digrii mbili, na zote kwa pamoja hazifiki mbali zaidi ya 15. Mzunguko unaouona kwa wachezaji wazuri unatoka kwenye nyonga na sehemu ya juu ya mgongo, pale mbavu zilipo, ambayo peke yake inatoa zaidi ya digrii 30. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta miaka kumi, na foleni ya Thika Road asubuhi na jioni, nyonga zake zimekaza na mgongo wa juu umegeuka ubao. Sehemu mbili zikikataa kugeuka, ya tatu inalazimishwa. Ndiyo maana mgongo wa chini uko mbele kabisa katika orodha ya majeraha ya wanaocheza gofu kwa kujifurahisha.

Jipime. Kaa kwenye kiti, magoti pamoja, kisha peleka unyayo wa kushoto nje huku goti likibaki mahali pake. Ukilinganisha na wa kulia na kuona wa kushoto hauendi, nyonga hiyo ndiyo itakayokataa unapomalizia mkwaju. Inapokuwa bado ngumu, fungua unyayo wa kushoto kidogo uelekee unakopiga. Mgongo utashukuru siku hiyo hiyo. Na tafadhali, kutoka Ruiru hadi tii ya kwanza, pale mkwaju unapoanzia, bila hata dakika kumi za kutembea haraka, kuzungusha mikono na kuchuchumaa mara chache ni kujitafutia. Kupasha viungo moto si kuinama na kushika vidole vya miguu kwa dakika moja mbele ya watu.

Dhana: "Nitameza diklofenaki kabla ya kuanza."

Hii inaniudhi karibu sawa na ile ya ndoo mbili. Dawa hii ya maumivu haijengi kano, inazima kengele. Tena si peremende: inaweza kuchubua tumbo, kuumiza figo, kupandisha presha, na wengi wanaoimeza hivyo tayari wana dawa ya presha nyumbani. Sindano ya steroidi kwenye kiwiko nayo ina mtego. Nafuu inakuja haraka, unarudi uwanjani, lakini kwa maumivu ya upande wa nje tafiti zimeonyesha kwamba baada ya mwaka, waliochomwa huwa na hali mbaya kuliko waliofanya mazoezi, au hata waliosubiri tu.

Upande wa pili kuna wanaofunga mkono miezi mitatu bila kuugusa, wakisema wanaupumzisha. Kano isiyopewa mzigo inazidi kudhoofika. Ipe mzigo mdogo.

Dhana: "Hendikapu yangu ni 12."

Hendikapu, ile mikwaju unayopunguziwa ili ushindane na walio bora kuliko wewe, ilikuwa 12. Tangu 2020 hesabu yenyewe imebadilika: mfumo wa dunia nzima unachukua wastani wa alama zako nane bora kati ya 20 za mwisho, na kiwango cha juu ni 54. Zungumza na klabu yako, anza upya na alama za sasa. Kwa nini mtu wa viungo anajali hendikapu? Kwa sababu anayeitetea 12 ya zamani anaanzia tii za nyuma, zilizo mbali zaidi na shimo, anajaribu kuvuka maji kwa mkwaju mmoja, na ananiletea mgongo. Chezea tii za mbele mwaka huu.

Sheria nazo ziliguswa 2019. Mpira uliopotea unatafutwa dakika tatu, si tano. Unadondosha mpira kutoka urefu wa goti, si begani. Bendera inaweza kubaki shimoni ukipiga pata.

Dhana: "Mpira wangu unaenda mbali kuliko nilivyocheza Mombasa, nguvu zimerudi."

Kuja Nairobi umepanda zaidi ya mita 1,600. Hewa ni nyepesi, mpira unasafiri bila upinzani mkubwa. Hewa hiyohiyo ndiyo inayokufanya uheme kwenye kilima.

Dhana: "Gofu si mazoezi, ni matembezi ya wazee."

Mashimo 18 kwa miguu ni kilomita nane hadi kumi, juani. Kama una presha, kisukari, au kifua kinabana ukipanda ngazi, muone daktari, wa kweli, kabla ya tii ya kwanza.

Yapo mambo matatu ambayo hayasubiri wiki sita za chupa ya maji. La kwanza ni ganzi kwenye kidole cha pete na kidole kidogo: huo ni mshipa wa fahamu unaobanwa kiwikoni. La pili ni maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni hadi chini ya goti. La tatu ni uchungu ndani ya kiganja cha mkono wa kushoto, upande wa kidole kidogo, ulioanza baada ya fimbo kugonga mzizi au ardhi ngumu. Pale kitako cha mpini kinapokaa kuna mfupa mdogo wenye ncha kama ndoano, na ncha hiyo huvunjika. Eksirei ya kawaida mara nyingi haiuoni ufa huo. Usikubali kuambiwa ni mshtuko tu. Uliza kama unahitaji sitiskani (CT scan).